Kitabu Nilichokianzia Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza daftari. Sina jambo kubwa la kuandika. Mzee Nukta, mwenzangu wa ofisini, aliniuliza wakati wa chai ni kitabu gani nasoma nyumbani siku hizi, nikamwambia sisomi. Tangu mwaka jana sisomi. Nafungua, nasoma ukurasa wa kwanza, naurudia, nafunga. Alinitazama kana kwamba nimemwambia nimeacha kuoga.

"Basi andika," akasema. "Hata mstari mmoja kwa siku. Hamu itarudi yenyewe. Nukta."

Kila analosema analifunga hivyo, ndiyo asili ya jina lake. Nimemtii kwa sababu ni mkubwa wangu, na kwa sababu jioni sina la kufanya.

Kichekesho ni kwamba nalipwa kwa kusoma. Sisi wawili ni wasomaji wa prufu: kitabu kikishapangwa kurasa, kabla hakijapigwa chapa, kinapita kwetu tukisake makosa. Mzee Nukta ni msomaji wa kwanza, anaanza mwanzo kama watu wote. Mimi ni wa pili, na msomaji wa pili katika ofisi yetu husoma kinyumenyume. Naanza ukurasa wa mwisho, aya ya chini kabisa, za juu nimezifunika kwa kipande cha kadibodi, kisha nakisogeza juu aya moja moja mpaka nifike mwanzo. Anayesoma mbele huvutwa na hadithi, na akishavutwa haoni makosa. Anayerudi nyuma haoni hadithi, anaona herufi tu. Kwa mtu aliyepoteza hamu, hakuna kazi bora kuliko hii.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimemaliza kitabu cha ufugaji. Sasa namjua kuku kuanzia mezani mpaka kwenye yai.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi amekuja, kalowa chapachapa, mwavuli mkononi haukufunguliwa. Anasema mwavuli ni wa jua. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu wa historia, na kwa miaka mingi kila likizo tulikuwa tukibadilishana vitabu na kugombana juu yake hadi mume wangu anatuachia sebule.

Akakiona kile alichoniazima mwaka jana, kimelala juu ya kabati.

"Alama yako iko palepale, wifi. Ukurasa wa kumi na moja. Hata kitabu chenyewe kimechoka kukungoja."

"Mwache, dada," mume wangu akasema. "Mke wangu amegoma."

Nikamuuliza wifi naye mbona haonekani siku hizi. Akacheka kwa siri. "Nina kitu nakipika. Kikiiva utanusa mwenyewe."

Nampenda yule mwanamke. Naandika hivyo wazi kwa sababu daftari ni langu.

Jumatano, 12 Machi

Kazi mpya. Riwaya ya kihistoria kuhusu mwanamke wa kwanza kuvuka mto na kufyeka msitu ng'ambo ya pili, enzi hizo ambapo huko kulikuwa hakuna hata njia. Jina la mwandishi hatulijui. Mchapishaji huyu huwa haliweki mpaka jalada, ati tusije tukamwonea mtu haya au kumwonea mtu kijicho. Mwanamke mwenyewe anaitwa Mama wa Ng'ambo.

Nimeanza kwa mazishi yake, maana ndipo kitabu kinapoishia. Wanamzika kwenye shamba alilolifungua kwa jembe. Jirani yake, bibi mzee kama yeye, anashuka kaburini kwa shida na kumwekea kopo la bati kwapani, limefunikwa kwa nguvu. Wachimbaji wanauliza lina nini. "Msiulize," anasema Jirani. Hapo ndipo mwisho. Nimesahihisha alama mbili za mtajo na nafasi iliyozidi.

Ijumaa, 14 Machi

Jambo la ajabu. Nilikuwa nikiosha vyombo nikajikuta najiuliza: kopo lile lilikuwa na nini?

Jumatatu, 17 Machi

Nimemuuliza Mzee Nukta, ambaye ameshamaliza kusoma. Amekataa katakata. Kanuni ya ofisi: wa kwanza hamwambii wa pili, asije akaanza kusoma hadithi badala ya herufi.

"Niambie tu ni kitu cha kuliwa au si cha kuliwa."

"Wewe si ulisema huna hamu?" Akavaa miwani yake upya, anajua kunichokoza. "Fika. Utajua. Nukta."

Alhamisi, 20 Machi

Kopo limetokea tena, sura ya kumi na mbili. Nyumba inaungua, Mama wa Ng'ambo anaacha mbegu, anaacha nguo, anatoka na kopo. Jirani anawaambia watu ni pesa, ili wasimfuatefuate kwa maswali. Yaani anadanganya kijiji kizima ili rafiki yake aachwe. Nimempenda Jirani huyu. Kila mtu angekuwa na mmoja wa hivi, tungelala usingizi. Ananikumbusha wifi kidogo, ile tabia yake ya kusimama mlangoni mikono kiunoni watu wasipite.

Nikaandika swali pambizoni, kama tufanyavyo pasipoeleweka: *Mwandishi: kopo lina nini? Halijaelezwa.* Maswali yanakwenda kwa mchapishaji kila Ijumaa, majibu yanarudi yamepigwa chapa Ijumaa inayofuata.

Jumapili, 23 Machi

Leo ndiyo siku yake. Angekuwa anatimiza miaka sita. Mume wangu ameamka mapema akaenda kutengeneza friji ya mtu ambaye hakuwa na haraka. Mimi nimefua nguo ambazo haziwezi kukauka. Hatukusema neno, kama kawaida yetu.

Ijumaa, 28 Machi

Jibu: *Limeelezwa sura ya nne. Msomaji aanzie mwanzo kama watu wengine.*

Mzee Nukta amecheka mpaka kikohozi kimemshika. Nami nimecheka. Mwandishi ana ulimi. Ningeweza kuifungua sura ya nne sasa hivi, bahasha ipo mezani, hakuna anayenilinda. Sitaki. Mwaka mzima sijatamani ukurasa, leo natamani, na raha yenyewe ndiyo hii ya kungoja. Nimemwambia mume wangu wakati wa chakula kwamba huenda nikarudi kusoma. Akanyanyua glasi ya maji kama mtu wa harusini.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nitaandika zaidi ya mstari mmoja.

Leo asubuhi nimeingia sura ya nne kwa mlango wa nyuma. Aya ya mwisho, Jirani anaapa: "Hili litabaki kati yangu na wewe na ukuta huu." Nikatabasamu, nikasogeza kadibodi. Aya ya juu yake, Jirani anamkuta Mama wa Ng'ambo sakafuni, nyuma ya magunia. "Kaa kwanza," anamwambia. "Tutalia tukiwa tumekaa."

Kalamu ikasimama. Maneno yale niliyasikia kwa masikio yangu, nyumbani kwangu. Nikajiambia watu husema mambo yanayofanana. Nikasogeza kadibodi. *Harufu ya maziwa yaliyokauka shingoni na ya usingizi.* Sentensi ilihitaji kupumua. Nikaweka koma baada ya "shingoni", kwa wino mwekundu, vizuri, kama ninavyofanya siku zote. Kisha nikasogeza tena.

Kikofia. Cha sufu, cha njano, uzi umefumuka upande wa sikio.

Nilikwenda msalani nikafungua bomba ili nisisikike.

Niandike basi, maana hapa sina wa kumficha. Tulikuwa na mtoto. Alikaa nasi miezi minne. Siku tuliyorudi kutoka kumzika, mume wangu alinishika mikono yote miwili akasema, "Sitaki kukiona kitu chake hata kimoja. Nikikiona nitavunjika." Nikavitoa vyote siku ileile: nguo, beseni, hata pini za nepi. Nikabaki na kikofia. Nilikitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikalifunika kwa nguvu ili harufu isitoke, nikaliweka stoo nyuma ya makopo ya rangi. Sikumwambia. Yeye alihitaji nyumba isiyo na kitu, mimi nilihitaji kitu kimoja, na niliona pana nafasi ya mahitaji yote mawili. Tangu hapo mtoto yule hatajwi kwetu.

Siku moja wifi aliingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha, akanikuta stoo, sakafuni, mfuniko mkononi na kofia usoni. Hakushtuka. Akavuta ndoo akaigeuza. "Kaa kwanza, wifi. Tutalia tukiwa tumekaa." Tukalia. Kisha akaapa, kati yangu na yeye na ukuta ule. Nilimwamini kiasi kwamba sikuwahi hata kukumbuka kuwa na wasiwasi.

Kumbe hicho ndicho alichokuwa akipika.

Na Jirani! Wiki mbili nimekuwa nikimtamani Jirani, nikisema laiti ningekuwa naye, kumbe ni yeye kajichora mwenyewe, kajipaka rangi, kajifanya mtunza siri hadi kaburini. Mtunza siri gani anayeipeleka siri kwa mchapishaji? Kama ningesoma mbele kama watu wengine ningekutana na kofia mapema na kusimamisha kila kitu. Lakini mimi nimekuja kutoka mwisho, nimezisafisha kurasa zote zinazofuata, nikazitia sahihi moja moja kwamba ni safi. Nimempigia pasi nguo aliyoniibia.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeandika pambizoni mwa sura ya nne: *Mwandishi: jambo hili umelipata wapi?* Mwandiko wangu umetulia kuliko mimi.

Sijamwambia mume wangu lolote. Akauliza kitabu kinaendeleaje, nikasema kina makosa mengi.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua ya mawe. Wifi amepiga simu kuuliza kama bati letu limepona. Nikamwambia limepona.

Ijumaa, 11 Aprili

Jibu, limepigwa chapa safi, mistari miwili: *Ni ubunifu wangu. Hakuna mtu halisi aliyehusishwa.*

Jumamosi, 12 Aprili

Wifi alikuja saa nne asubuhi, mume wangu akiwa kwa kinyozi. Nikamtilia chai. Nilikuwa nimejiandaa kuanza kwa upole, nikashindwa.

"Wifi, Mama wa Ng'ambo hajambo?"

Kikombe kikasimama njiani. "Nani kakwambia?"

"Mimi ndiye msomaji wa pili. Mimi ndiye niliyekuuliza umelipata wapi. Ukanijibu umebuni."

Aliweka kikombe chini taratibu. "Sikujua ni wewe."

"Ungejua ungejibu nini?"

Akaanza kunieleza habari za riwaya, kama mtu aliyesimama mbele ya darasa: kwamba ile ni hadithi ya watu wa zamani, kwamba wanawake wote waliofungua nchi ile walizika watoto na hakuna aliyewaandika, kwamba hakuna duniani atakayejua ni mimi.

"Mdogo wako atajua."

"Hajui hata kama ulibakiza kofia. Atadhani nimetunga."

"Na mimi je? Mimi nikisoma, ulitaka nidhani nini?"

Hapo ndipo aliponitazama, akasema lile ambalo sitalisahau. "Si ulisema kusoma kumekushinda? Mwaka mzima hujamaliza kitabu. Nilijua hutafika sura ya nne."

Yaani alinipima. Nilimwambia udhaifu wangu kama mtu anavyomwambia dada yake, naye akauchukua akaupigia hesabu. Nilisimama. Nilimwambia nilimfikiria mtu kumbe ni mwizi mwenye mwavuli, na mengine ambayo hayafai hata daftarini. Aliyapokea yote bila kujitetea, na hilo lilinikasirisha zaidi. Kisha akaanza kulia.

"Nilimbeba mimi pia yule mtoto," akasema. "Ndani ya nyumba hii hata jina lake halitajwi. Nilitaka akae mahali."

"Ungeniomba."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana sikuomba."

Mwishowe akapangusa macho kwa ukingo wa kitambaa cha meza, akasema ataitoa kofia. Kopo litabaki lakini ndani ataweka udongo wa kwao Mama wa Ng'ambo, ule wa ng'ambo ya huku, alioubeba alipovuka. Aya tatu tu za kubadilisha. Atamwandikia mchapishaji Jumatatu.

"Naapa, wifi."

"Wewe usiape," nikamwambia. "Toa tu."

Mume wangu akarudi na kichwa kinang'aa, akauliza mbona tumenuna, kuna msiba? Dada yake akamwambia ni vitunguu. Hakuna aliyekuwa amekata kitunguu nyumba nzima.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeandika juu ya sura ya nne: *Mwandishi atabadilisha*, nikaifunga kazi. Mzee Nukta alizichungulia karatasi kabla hazijaondoka.

"Abadilishe nini? Ile ndiyo sura yenyewe. Mimi na umri huu nimelia pale, na silii ovyo."

"Ulilia wapi hasa?"

"Pale kwenye harufu." Akasubiri niseme kitu. Nikakusanya karatasi. Ana macho ya miaka thelathini ya kutafuta kilichokosewa, nadhani alikiona usoni kwangu, kwa sababu alinisukumia chai yake na hakusema nukta.

Nilitaka kukasirika kwamba kalia. Nilichokiona moyoni kilikuwa kibaya zaidi. Niliona fahari kidogo, kisha nikaona wivu. Karibu miaka sita nimekaa na jambo lile bila kupata neno hata moja la kulisemea, na wifi amelisema kwa mstari mmoja.

Jumanne, 22 Aprili

Nimejaribu kusoma nyumbani. Nimefika ukurasa wa ishirini wa riwaya nyingine, ya mpishi mmoja na bintiye. Lakini kila kinachonigusa najiuliza huyu kaibiwa nani. Nimefunga.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Kitabu cha hesabu, darasa la tano. Majibu yapo nyuma, kwa hiyo mimi huyajua kabla ya maswali.

Jumanne, 6 Mei

Wifi haji. Anatuma salamu kwa mdogo wake. Nikamuuliza kwa simu kama aliandika kwa mchapishaji. "Limeshughulikiwa," akasema. Nimemwamini tena. Sijui niandike nini hapa, kwamba mimi ni mjinga au kwamba mtu hawezi kuacha kumwamini dada kwa wiki tatu tu.

Jumamosi, 17 Mei

Kitabu kimetoka. Wifi hakukileta mwenyewe, alimpa mume wangu alipokwenda kumtengenezea friji. Mume wangu ameingia nacho amekinyanyua juu, maji yanamtiririka masikioni, anapiga kelele kama aliyekiandika yeye. "Dada yangu! Kumbe kimya chote kile! Na wewe kakutaja!"

Ukurasa wa mbele, ambao haukupita kwetu: *Kwa wifi yangu, aliyeacha kusoma. Kitabu hiki na kikurudishe.*

Nilimwomba nikione, nikageuka dirishani, nikafungua sura ya nne. Magunia yapo. Kopo lipo. Kikofia kipo, cha njano, uzi umefumuka upande wa sikio. Hakuna udongo. Hakuna kilichobadilika hata herufi, isipokuwa kimoja tu: baada ya "shingoni" pana koma.

Nilimpigia simu nikiwa nje, chini ya ukingo wa bati.

"Mchapishaji alikataa," akasema.

"Ulimwambia?"

Nilisikia anavuta pumzi.

"Wifi, ulimwambia?"

"Nilikaa kuandika ile barua mara tatu," akasema. "Nikaweka udongo. Nikasoma. Kitabu kikafa, wifi. Kikafa kabisa."

Nilikata simu. Nililia nimesimama. Hakukuwa na mtu wa kuniambia nikae.

Jumapili, 18 Mei

Mume wangu ameanza kusoma. Huwa hasomi, lakini hiki ni cha dada yake. Anasoma mezani, midomo inacheza, kidole kinafuata mstari. Sura ya kwanza ameimaliza kabla ya chakula cha mchana. Anasoma mbele, kama watu wote, na sura ya nne haiko mbali.

Jumanne, 20 Mei

Nimekificha kitabu chini ya mashuka. Amekitafuta nyumba nzima, akakipata. "Unanionea wivu," akanitania. "Umegoma kusoma unataka na mimi nigome."

Naogopa. Alisema akikiona kitu cha mtoto atavunjika, na nikamwacha aamini hakuna kitu. Najiuliza atakuja kunitazama vipi.

Alhamisi, 22 Mei

Sura ya tatu. Mvua imepungua.

Jumapili, 25 Mei

Leo kumekucha na jua. Nilianika magodoro. Mume wangu alitoa kiti uani akakaa na kitabu, nami nikawa napita na kurudi bila sababu, nikitazama kidole chake. Nilikiona kinasimama. Kikakaa pale muda mrefu. Akajipangusa uso kwa kiganja, akaniita.

"Njoo usikie hii."

"Naanika."

"Njoo bwana, mara moja." Akanisomea kwa sauti, polepole, kama mtoto wa shule. "Harufu ya maziwa yaliyokauka shingoni," akapumua palepale nilipoweka koma, "na ya usingizi." Akatikisa kichwa. "Dada ana kipaji. Hajazaa, hajazika. Mtu anabunije kitu kama hiki?"

Nilikuwa nimeshika mto mkononi, sikujua niuweke wapi.

"Huyu mama alikuwa na moyo," akasema, bila kuniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa karibu miaka sita kusogea karibu na jambo lile, na sauti yake ilikuwa inatafuta pa kukanyaga. "Sisi tulitoa vyote. Wewe ulivitoa siku ileile, mpaka pini. Hukutoa hata chozi. Nikasema moyoni, mke wangu ni jiwe."

"Uliniomba."

"Najua niliomba." Akafunga kitabu juu ya kidole chake. "Nilitumaini utanibishia. Nilitumaini utabakiza hata kimoja."

Nikauacha mto kwenye kiti. Nikaenda stoo, nikasogeza makopo ya rangi, nikarudi nalo, nikaliweka juu ya kitabu cha dada yake.

"Hakubuni," nikasema.

Alitazama kopo, akanitazama mimi, na nikaona linavyomwingia: kofia kwanza, kisha dada yake, kisha ukweli kwamba sisi wawili tulijua na yeye hakujua. Nilidhani atapiga kelele. Alilifungua kwa kucha, uangalifu uleule anaofungulia mashine za watu. Akakitoa kikofia, kikapotea ndani ya mkono wake. Akakiweka usoni. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa.

"Sipati harufu," akasema ndani ya sufu. "Imekwisha. Wewe unaikumbuka, wewe ulikuwa unakinusa. Ilikuwaje? Niambie wewe, kwa maneno yako."

Nilichuchumaa mbele yake nikakichukua, nikanusa. Kilikuwa na harufu ya bati. Nikafumba macho nikamtafuta mtoto wangu nyuma kabisa, kabla ya kitabu, kabla ya wifi, kabla ya ukuta ule. Mume wangu alikuwa ananingoja, na nilitaka kumpa hata neno moja lililo langu. Nilitafuta sana. Yaliyokuja mdomoni ni ya wifi, yote, pamoja na koma.